Mtutu wa Bunduki Nyepesi kwa Nyanda za Kati

Mtu anayetafuta bunduki ya kuwindia huku kwetu, kati ya Kongwa na Manyoni, mara nyingi huanza na swali moja: inapiga umbali gani? Swali hilo humpeleka moja kwa moja kwenye mtutu mrefu, mnene na mzito, naye hulipia kilo ambazo hatazihitaji. Anza upande wa pili. Jiulize utatembea kiasi gani, utapiga katika uoto wa namna gani, na risasi zipi zinapatikana dukani mwaka mzima. Ukishapata majibu hayo, mtutu unajichagua wenyewe kwa sehemu kubwa.

Kutembea hakukwepeki. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumpiga mnyama ukiwa ndani ya gari, au ukiwa umesimama chini ya mita 200 kutoka kwenye gari. Kwa hiyo hata mwenye kibali halali na gari zuri atashuka, ataitundika bunduki begani na kufuata nyayo, pengine tangu alfajiri hadi jua la utosi. Bunduki yenye darubini, mkanda na risasi zake ikiwa na kilo tatu na nusu unaweza kukaa nayo siku nzima. Ikifika kilo tano, saa nne asubuhi mikono imeshachoka, na mkono uliochoka hautulii kwenye shabaha. Katika bunduki nzima, mtutu ndio mahali pa kwanza pa kupunguza uzito: mtutu mwembamba wa kuwindia huwa na kilo moja na kidogo, ule mnene wa mashindano ya shabaha hupita kilo mbili.

Sasa uitazame nchi yenyewe. Uwanda wa kati si nyasi tupu kama Serengeti. Kuna vichaka vya miiba na migunga, kuna mibuyu iliyotawanyika, kuna majabali, na ukielekea Itigi unakuta kichaka kizito ambacho mita 30 ni mbali. Pori la miombo la Rungwa, Kizigo na Muhesi linakupa mita 80, mita 120, pengine 150. Sehemu za kuona mbali kweli ni chache: mbuga za udongo mweusi, tambarare za Bahi maji yakishakauka, na upande wa kaskazini ya Kondoa karibu na Mkungunero, ambako nchi inaanza kufunguka kuelekea nyika ya Wamasai. Mwindaji wa huku anahitaji bunduki inayopita kirahisi kati ya miiba, ambayo siku moja moja itamruhusu kupiga mita 250 akiwa ameegemea kichuguu. Bunduki ya mita 600 haina kazi hapa, na nitaeleza kwa nini.

Chukua .308, risasi inayojulikana sana, yenye kichwa cha greni 150, yaani gramu 9.7 hivi. Kwenye mtutu wa inchi 24, ambao ni sentimita 61, kichwa hicho hutoka kwa kasi ya karibu mita 860 kwa sekunde. Punguza mtutu hadi inchi 20, yaani sentimita 51, na utapoteza mita 25 hadi 30 kwa sekunde. Ni upotevu wa kweli, lakini angalia unakugharimu nini kwa mnyama. Bunduki zote mbili zikiwa zimepimwa kugonga katikati kwa mita 200, kwenye mita 300 ule mtutu mfupi utapiga chini zaidi kwa sentimita chache tu. Hiyo ndiyo bei yote ya inchi nne.

Linganisha na upepo. Dodoma ni mji wa upepo, na kiangazi kikikolea, kuanzia saa nne asubuhi unavuma bila huruma hadi jioni. Upepo wa mita 5 kwa sekunde si dhoruba. Ni ule unaofanya majani na vijitawi visitulie. Ukivuma kutoka ubavuni, utakisukuma kichwa hicho cha risasi karibu sentimita 9 kwenye mita 200, sentimita 20 hivi kwenye mita 300, na karibu 40 kwenye mita 400. Eneo la moyo na mapafu ya swala pala lina upana wa sentimita 20 au pungufu. Maana yake ni kwamba ukilenga katikati kwa mita 300 na kuusahau upepo, umempiga tumboni au umemkosa. Kwa mita 400 hata aliyezoea kusoma upepo anabahatisha, kwa sababu upepo wa pale ulipo wewe si lazima uwe ndio ule unaopita bondeni katikati yenu. Hakuna mtutu unaouzwa duniani unaotibu hilo. Fedha unayotaka kuitumia kwenye mtutu mrefu wa mashindano, inunulie risasi za mazoezi.

Kuna jambo lingine ambalo miongozo iliyoandikwa kwa wawindaji wa Ulaya na Marekani hailigusi. Wawindaji wengi wa Kondoa na Chemba ni Waislamu, na wanataka kumfikia mnyama akiwa bado ana uhai ili achinjwe. Kutoka mita 100 unafika. Kutoka mita 400, kupitia miiba na makorongo, hufiki. Na mnyama aliyejeruhiwa akiingia kichakani, umbali uliompigia unageuka kuwa saa za kutafuta matone ya damu kwenye vumbi jekundu. Wasandawe, waliowinda katika vilima vya huko kwa upinde na mshale wa sumu, walijifunza kunyatia mpaka karibu kwa sababu silaha yao haikuwapa njia nyingine. Ustadi huo bado unastahili kufunzwa kwa mwenye bunduki. Mimi naweka kikomo cha mita 250 kwa nyanda hizi, na asubuhi tulivu yenye egemeo imara, 300. Mapendekezo yote yafuatayo yamejengwa juu ya kikomo hicho.

Kwa urefu, chukua inchi 22, sentimita 56, kwa risasi za kawaida kama .308, .30-06, .270 na 7x57. Ukipata inchi 20 kwenye .308 usiiogope, kichakani utaifurahia. Risasi za magnamu kama .300 Winchester zina baruti nyingi inayowaka polepole na zinahitaji inchi 24 hadi 26, la sivyo unabeba mshindo na mwale wa moto mdomoni bila kupata kasi uliyoilipia. Ndiyo sababu siipendekezi magnamu kwenye bunduki nyepesi kabisa: ikiwa nyepesi inakupiga bega hadi unaanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na anayefumba macho hapigi kitu.

Unene ni suala pana zaidi kuliko urefu, ingawa wauzaji hulizungumzia kidogo. Mtutu unapofyatuliwa unatetemeka na kupinda kidogo kama fimbo, na kinachotakiwa ni upinde namna ileile kila mara. Ugumu wake dhidi ya kupinda hupungua haraka unapouongeza urefu. Mtutu wa unene uleule ukipunguzwa kutoka sentimita 66 hadi 56, ugumu wake huongezeka kwa zaidi ya nusu. Kwa maneno mengine, ukitaka wepesi na usahihi kwa pamoja, kata urefu kabla ya kukata unene. Mtutu mfupi wenye unene wa wastani ni bora kuliko mrefu uliokondeshwa, hata kama mizani inasoma sawa. Nikiwa na kipimo mkononi, natafuta mdomo wenye kipenyo cha milimita 15 hadi 17. Chini ya 14 mtutu unakuwa na hasira: unapata joto upesi na unasumbuliwa na kila mguso wa mkono au egemeo. Juu ya 20 umerudi kwenye kilo tulizokuwa tunazikimbia.

Joto lenyewe lisikutishe kupita kiasi. Mtutu mwembamba baada ya risasi tatu au nne za mfululizo huanza kuhama kidogo, na hewa inayopanda juu yake huifanya picha kwenye darubini icheze. Kwenye mashindano hilo ni tatizo kubwa. Mwindaji anapiga risasi moja, mara chache mbili, kutoka kwenye mtutu uliopoa. Risasi hiyo ya kwanza ya baridi ndiyo unayoinunua.

Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyojisokota, ambayo hukizungusha kichwa cha risasi ili kiende kikiwa kimenyooka. Kipimo cha msokoto huandikwa moja kwa kumi, moja kwa nane na kadhalika, maana yake kichwa kinazunguka mara moja kamili ndani ya inchi kumi au nane. Kichwa kirefu na kizito kinataka msokoto wa haraka. Kifupi kinaridhika na wa polepole. Kwa .30-06 na .270 msokoto wa moja kwa kumi ndio wa kawaida na unatosha kwa vichwa vyote utakavyovikuta madukani. Kwa .308 utakuta moja kwa kumi au moja kwa kumi na mbili; chagua wa kumi. Kwa 6.5 Creedmoor ni moja kwa nane. Usishawishike kutafuta misokoto ya ajabu kwa ajili ya vichwa virefu vya mashindano ambavyo utaviagiza kutoka nje kwa shida na kibali kila mara. Chagua risasi inayopatikana kwanza, ndipo uuchague mtutu. Bunduki nzuri isiyo na risasi Dodoma haimsaidii mtu.

Mwinuko unatusaidia hapa. Dodoma iko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na siku ya nyuzi joto 30 hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 17 kuliko hewa ya kawaida ya usawa wa bahari. Kichwa cha risasi kinapata ukinzani mdogo, kinapoteza kasi polepole, na kinatulia vizuri zaidi kwenye msokoto uleule. Takwimu za upepo nilizotoa juu tayari zimezingatia hewa hii. Kule Pwani zingekuwa mbaya zaidi. Ukiwa umepimiwa bunduki Dar es Salaam, pima upya ukifika huku. Tofauti ni ndogo, lakini safari ya gari kwenye barabara ya vumbi peke yake inatosha kuitikisa darubini.

Kuhusu chuma: mtutu wa chuma cha kawaida, uliotiwa weusi wa kuzuia kutu, unatosha kabisa kwa ukavu wa nyanda za kati, na ni wa bei nafuu. Chuma kisichoshika kutu kina faida kwa anayeishi Tanga au Dar na kuja huku kwa msimu, maana hewa ya chumvi hufanya kazi bunduki ikiwa kabatini. Lakini hata hicho hushika kutu kikiachwa na jasho. Mitutu iliyozungushiwa nyuzi za kaboni ni mizuri kweli: ina chuma chembamba ndani na kaboni nje, ina ugumu wa mtutu mnene na uzito karibu na wa mwembamba. Ni ghali mno, na kwa risasi moja ya baridi kwa mita 200 sioni itakupa nini zaidi. Ile mifereji inayochongwa nje ya mtutu inapunguza gramu mia moja au mia mbili. Ikija na bunduki, sawa. Usiilipie peke yake.

Mtutu mwembamba unahitaji uhuru. Kuanzia mbele ya chemba ya risasi hadi mwisho wa mti wa bunduki, mtutu usiguse kitu. Chukua noti ya shilingi elfu moja, ipitishe kati ya mtutu na mti, uivute kuelekea nyuma. Ikikwama, kuna mguso. Jambo hili lina uzito wa pekee huku kwetu, ambako mvua inanyesha Desemba hadi Aprili kisha miezi saba ni ukame mtupu: mti wa bunduki usiozibwa vizuri huvimba, hukauka na kujipinda, na bunduki iliyopiga sawa Machi inapiga kando Septemba. Mafundi wa silaha walioidhinishwa wanaweza kuukwangua mti na kuuziba kwa mafuta. Miti ya plastiki ngumu haina ugonjwa huo.

Breki inayofungwa mdomoni hupunguza mshindo begani, lakini huurudisha mlipuko pembeni na nyuma, kwenye masikio ya mfuata nyayo na askari wa wanyamapori waliosimama hatua mbili kutoka kwako. Kama risasi uliyoichagua inahitaji breki, chagua risasi ndogo zaidi.

Hapa kuna anayeuliza: na nyati? Kanuni za uwindaji zinataka .375 kuwa kiwango cha chini kwa wanyama hatari, na risasi ya .375 ya Holland & Holland iliyotoka mwaka 1912 ndiyo iliyojenga jina kwa kazi hiyo. Bunduki yake iwe nzito kiasi, ili uweze kuistahimili. Watu humtaja W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja mwanzoni mwa karne iliyopita, kwamba aliua mamia ya tembo kwa .275 Rigby, ambayo ni ile ile 7x57. Ni kweli, lakini alisoma mwili wa tembo kwa kupasua vichwa vyao, akapiga kwa karibu, na katika zama ambazo sheria haikuwa hii. Chukua kwake somo la kujua mahali pa kupiga, uache mengine.

Wengi wetu hatutanunua mtutu mpya. Tutanunua bunduki ya mtu, au tutarithi ya baba kwa utaratibu wa polisi. Hapo macho yako yafanye kazi. Hakikisha bunduki ni tupu, toa bolti, elekeza mtutu kwenye anga nyeupe (siyo kwenye jua) na uangalie kupitia nyuma. Mifereji iwe na kingo kali zinazong'aa. Madoa meusi yenye vijitundu ni kutu iliyokula chuma, na mara nyingi ni matunda ya risasi za zamani za kijeshi zilizokuwa na chumvi kwenye kiwashio, zilizopigwa na bunduki ikawekwa bila kuoshwa kwa maji moto. Vijitundu vichache katikati vinavumilika. Vikiwa karibu na mdomo, acha. Kisha ugeuze, uchunguze ukingo wa mdomo wenyewe: mkwaruzo au bonde dogo upande mmoja hutosha kuharibu usahihi, kwa kuwa hapo ndipo gesi inapokisukuma kichwa kwa mara ya mwisho. Habari njema ni kwamba fundi anaweza kukata sentimita moja au mbili na kuuchonga upya ukingo huo, na bunduki ikafufuka. Tazama pia kama mtutu umepinda: ukiangalia kivuli cha ukingo wa dirisha ndani yake, kiende kimenyooka bila kukatika.

Uharibifu mwingi wa ukingo hutokana na usafishaji. Fimbo ya kusafishia iingie kutoka nyuma, kupitia chemba, wala si kutoka mdomoni. Vumbi la Dodoma likichanganyika na mafuta mengi linakuwa msasa, kwa hiyo safisha, kausha, acha mafuta membamba tu. Ukiwa safarini, bandika kipande cha utepe mwepesi wa umeme juu ya mdomo wa mtutu. Unaweza kupiga nao ukiwa umebandikwa. Hewa iliyo mbele ya kichwa cha risasi huutoboa kabla chenyewe hakijafika. Ila udongo wa mbuga ni jambo la kifo. Ukianguka na mdomo ukagusa tope, simama, toa risasi zote, toa bolti, uangalie mwanga kupitia mtutu kabla ya hatua nyingine. Mtutu ulioziba hupasuka usoni mwa mpigaji.

Usifikirie kubadilisha mtutu kabla ya kufika polisi. Umiliki wa silaha unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na bunduki nyingi zimegongwa namba mwilini na kwenye mtutu pia. Mtutu mpya wenye namba tofauti na ile ya leseni utakuweka mahali pabaya kwenye kizuizi chochote cha barabarani. Nenda na leseni, ueleze unachotaka, upate idhini kwa maandishi, kazi ifanywe na fundi aliyeidhinishwa. Kibali cha kuwinda ni kitu kingine kabisa, na unaanzia kwenye ofisi ya wanyamapori ya wilaya au kwa TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori.

Ukishaupata mtutu wako, upime kama utakavyoutumia. Kwenye uwanja wa shabaha ulioidhinishwa, piga risasi moja asubuhi kwa mita 100, bunduki ikiwa imelala usiku nje ya gari na risasi zikiwa zimetunzwa kivulini, maana baruti iliyopikwa na jua juu ya dashibodi hubadilisha kasi. Weka alama ya tarehe kwenye karatasi ile ile, uondoke. Rudi asubuhi nyingine, piga moja tena. Fanya hivyo hadi upate alama tano. Zikiingia ndani ya kiganja cha mkono, mtutu huo unatosha kwa mita 200. Zikiingia ndani ya kifuniko cha chupa ya maji, usiuuze kwa mtu. Zikitawanyika kuliko kiganja, kagua skrubu za darubini kwanza, kisha ile noti ya elfu moja, kisha jaribu risasi za kiwanda kingine, kabla hujaulaumu mtutu.